Kabla ya Mvua Kushuka Bwera

Katika vitabu vya kusomea Kiswahili mara nyingi huwamo sura ya majira ya mwaka. Mwanafunzi hufundishwa kwamba nchi za kaskazini ya dunia zina majira manne, naye huonyeshwa picha ya mti uliopukutika majani, na kando yake mzee mwenye koti zito anayepanga kuni ukutani kabla ya theluji kuanguka. Mtoto wa Bwera huielewa picha hiyo nusu. Kuni azijua. Theluji nayo si hadithi kwake, kwa sababu katika siku za nadra ambazo Milima ya Rwenzori huvua mawingu yake, weupe wa vilele huonekana kutoka sehemu kadhaa za wilaya ya Kasese, ingawa mstari wa ikweta wapita katika wilaya iyo hiyo, pale Kikorongo. Asichokielewa ni kwa nini theluji ishuke mpaka mlangoni mwa mtu. Kwetu theluji hukaa mahali pake juu. Kinachoshuka ni maji, na ni kwa ajili ya maji hayo sisi nasi tuna miezi yetu ya kupanga kuni ukutani.

Hata majina ya majira tuliyo nayo katika Kiswahili yalizaliwa mbali nasi. Masika, vuli, kipupwe, demani, kaskazi na kusi ni maneno ya watu wa pwani, ambao waliupima mwaka kwa pepo zilizosukuma majahazi yao. Kwa mtu wa Lamu au Unguja, vuli ni mvua ndogo inyeshayo kuanzia Oktoba hivi mpaka Desemba, na masika ndiyo mvua kubwa. Kwetu chini ya Rwenzori mvua ya nusu ya pili ya mwaka huanza Agosti au Septemba, ikaendelea hata Novemba na kuingia Desemba, wala si ndogo. Ukienda sokoni Mpondwe, hatua chache kutoka mpaka wa Kongo, ambako Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wachuuzi wetu na wale wa Beni na Butembo, hutasikia vuli wala kipupwe. Watu husema wakati wa mvua na wakati wa jua, biashara ikaendelea.

Hatusemi hayo ili maneno ya pwani yafutwe vitabuni. Ni mali yetu sote, na ni mazuri. Tunalosema ni kwamba mwalimu akilifundisha neno la majira bila kazi za majira hayo, amempa mwanafunzi ganda la njugu. Kwa hiyo twapenda kueleza hapa kazi za nyumbani kwetu Bwera katika kiangazi kile kifupi cha kuanzia Juni mpaka mvua itakaporudi. Mwenzetu aliye Tanga au Kisumu atazame mwenyewe zipi zafanana na za kwao.

Kazi ya kwanza ni maharage. Yale yaliyopandwa Machi huvunwa Juni na Julai, yakaanikwa uani na maganda yake, yakapurwa kwa fimbo, yakapepetwa kwa ungo. Hayo ni mambo ya kila mahali na hayana haja ya maelezo mengi. Jambo lenye uzito lafuata baadaye, wakati mama wa nyumba anapoketi chini na kuyagawa mafungu matatu: ya kula, ya kuuza na ya mbegu. Huyachambua kwa mkono, punje kwa punje, akizitupa kando zilizotobolewa na fukusi na zile zilizosinyaa. Hapo hapana mwanamume anayemsemesha, si kwa sababu ya mwiko, bali kwa sababu kila mtu ajua atakachosema. Muhula wa tatu wa shule zetu huanza Septemba. Karo hudaiwa wakati ule ule ambapo mbegu inatakiwa kuingia ardhini, na fungu lililo rahisi kuuzwa ni lile zuri zaidi, yaani la mbegu. Kila mwaka fungu hilo hutazamwa na macho mengi. Nyumba iliyouza mbegu yake Agosti itanunua mbegu ya sokoni Septemba kwa bei ya juu, tena bila kujua ilitoka wapi, au itapanda shamba nusu. Sisi walimu, ambao pia hutoza au kutozwa karo, twafaa kulijua jambo hili tunapomwuliza mtoto mbele ya wenzake kwa nini amechelewa kurudi darasani.

Mbegu iliyookoka huchanganywa na majivu makavu, ikatiwa kibuyuni, na kibuyu kikazibwa na kutundikwa juu ya uchaga jikoni. Moshi wa kila siku hukipaka weusi, na fukusi hawapapendi. Mahindi ya mbegu nayo hufungwa mafundo kwa maganda yake na kuning'inizwa papo hapo. Siku hizi kuna dawa za unga zinazouzwa madukani, na wapo wanaozitumia. Nyumbani kwetu majivu bado yatosha, ila kwa mahindi mengi ya kuuza.

Muhogo hauna subira kama maharage. Hung'olewa, ukamenywa, ukalowekwa, kisha ukaanikwa mpaka ukauke kabisa, na ni lazima ukauke kabla mawingu hayajashuka, kwa kuwa makopa yakipigwa na mvua mara mbili huota ukungu na unga wake huwa mchungu. Katika wiki hizo kila mwamba ulio wazi, kila turubai na hata mapaa ya mabati huwa meupe kwa makopa, na watoto hukaa zamu ya kuwafukuza kuku na mbuzi. Unga huo ndio wa obundu, ugali wa muhogo, ambao kwa Mkonzo ndicho chakula chenyewe, vingine vyote vikiwa vitoweo. Ndugu zetu Wanande walio ng'ambo ya mto Lhubiriha huula vivyo hivyo na kuuita kwa jina hilo hilo, kwa maana Lhukonzo na Kinande ni lugha zinazosikilizana; mpaka uliwekwa na wageni katikati ya jamaa.

Kisha kuna chumvi. Ziwa Katwe, lililo ndani ya shimo la volkeno karibu na Ziwa Edward, limewapa watu chumvi tangu zamani sana. Wachimba chumvi hutengeneza vidimbwi ukingoni, maji yakakaushwa na jua, chumvi ikabaki. Kwa hiyo chumvi ya Katwe ni zao la kiangazi kama yalivyo makopa: mvua ikianza kunyesha, vidimbwi hujaa maji matamu, kazi husimama na bei hupanda. Mtu wa Bwera mwenye busara hununua chumvi yake Julai. Aghalabu huinunua siku ile ile anayonunua samaki wakavu wa kutoka maziwani, kwani wote wawili wataliwa pamoja katika wiki zile za Oktoba ambapo njia za milimani huteleza na hakuna atakaye kushuka sokoni.

Paa na kuta twaweza kuyapita upesi. Nyumba nyingi sasa ni za mabati, na kazi ni kupanda juu na nyundo, kukaza misumari iliyolegea na kuziba matundu ya kutu. Jiko la nje likiwa bado la nyasi, nyasi hukatwa zikiwa kavu na paa huezekwa upya upande ule upigwao na upepo. Kuta za udongo hukandikwa mapema ili jua lizikaushe. Kuni, nyingi zikiwa za mikaratusi pamoja na matawi ya mibuni iliyopogolewa, hupasuliwa na kupangwa chini ya upenu. Hapa ndipo mtoto wetu anapokutana na yule mzee wa kitabuni mwenye koti. Tofauti ni kwamba mzee yule huogopa baridi, na sisi twaogopa kuni mbichi na jiko lililojaa moshi.

Lakini kazi iliyo mama wa kazi zote ni mitaro. Bwera na vijiji vyake viko mahali ambapo milima huinuka kutoka bondeni, na mashamba mengi yamelala kwenye miteremko ambayo mgeni huiona kama ukuta. Watu hawakuipanda miteremko kwa kupenda kwao wote. Sehemu kubwa ya nchi tambarare ya Kasese imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, na juu kabisa kuna hifadhi ya milima yenyewe. Watu wanaoongezeka hukaa katikati, na kila kizazi hulima juu kidogo kuliko kile kilichotangulia. Mwenye shamba la namna hiyo asipochimba mtaro, mvua ya kwanza kubwa humwondolea udongo mweusi na kumwachia mawe.

Mtaro huchimbwa kwa kukata mteremko, yaani kuufuata ubavu wa mlima bila kupanda wala kushuka, na udongo unaotoka hurushwa upande wa juu ili ufanye tuta. Juu ya tuta hupandwa mabingobingo, mizizi yake ikamate udongo na majani yake yalishe mbuzi. Mtindo huu huitwa "fanya juu". Jina hilo lilienezwa kutoka Ukambani nchini Kenya, na leo limo katika vitabu vya kilimo vya Kiingereza likiwa Kiswahili kitupu, bila kutafsiriwa. Twashangaa kwamba wengi wetu huwafundisha wanafunzi maneno ambayo Kiswahili kiliyakopa kwa Kiarabu na Kiingereza, na hatuwaambii kuhusu hili ambalo dunia ililikopa kwetu kwa ajili ya jembe.

Mtaro wa mwaka jana huwa umejaa tope nusu, hivyo kazi kubwa ya Julai ni kuuzoa. Kuzoa si kugumu. Kugumu ni kukubaliana mtaro utamwaga maji wapi. Kila mtaro una mwisho wake, na maji yaliyokusanywa katika shamba zima hutokea pale kwa nguvu kuliko yalivyoingia. Chini yake kuna shamba la mtu mwingine, au jiko lake, au kaburi la baba yake. Kwa sababu hiyo desturi njema, ambayo bado hufuatwa na wengi ingawa si na wote, ni kwamba kabla jembe halijainuliwa jirani wa chini huitwa, au huja mwenyewe asubuhi na fimbo yake.

"Wanangu," atasema mzee wa chini baada ya salamu, "mwaka huu maji yenu mmeyatafutia malazi?"

"Ndiyo tulikuwa twakungoja, mzee. Utuonyeshe."

Naye hutembea mbele, akichora kwa fimbo njia ya maji mpaka kwenye korongo la zamani lenye mawe, ambako hayatamdhuru mtu. Tukimfuata nyuma twajifunza mengi: hapa palikuwa na chemchemi iliyokauka, pale mti uliinama mwaka fulani, hapa pasichimbwe kwa kuwa udongo wake ni wa kuteleza. Maarifa hayo hayakuandikwa popote. Serikali ina wataalamu wake wa kilimo, na ushauri wao ni mzuri, lakini mtaalamu mmoja ana vijiji vingi, na mzee wa chini ana mteremko mmoja alioutazama maisha yake yote.

Tukiwa katika jambo hili la kusoma ardhi, na tuzitazame methali mbili ambazo sote huziandika ubaoni. Ya kwanza yasema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli mahali pengi. Lakini juu ya Rwenzori mawingu huwapo karibu kila siku ya mwaka, hata wakati ambapo bonde la Kasese limekauka na mbuzi wanakula maganda. Kisha huja siku nyingine ambapo anga ya bondeni ni safi, watoto wanaoga mtoni, na mvua inanyesha juu mlimani wasikoiona. Mto Nyamwamba hutoka huko juu, ukapita Kilembe, mahali pa mgodi wa shaba wa zamani, ndipo ukaingia mjini Kasese. Safari yake ni fupi na mteremko wake ni mkali. Tarehe 1 Mei 1913 haikumbukwi na mtu, lakini tarehe 1 Mei 2013 kila mtu wa Kasese aikumbuka: mto ulijaa ghafla, ukabeba mawe makubwa na kuchukua nyumba na madaraja. Mwezi wa Mei 2020 ukarudi, ukaiharibu vibaya hospitali ya Kilembe, na katika siku zizo hizo mito mingine ya wilaya ilivunja kingo zake, hata Lhubiriha wetu. Basi aliye kando ya mto hana faida ya kutazama mawingu yaliyo juu ya kichwa chake. Hutazama rangi ya maji, na usiku husikiliza kama mawe yanagongana.

Wengi husema kwamba gharika hizo zatokana na theluji inayoyeyuka. Kwamba theluji yapungua ni kweli: mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilienea kiasi cha kilomita za mraba 6 na nusu, na ilipopimwa mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba. Jambo hilo lina huzuni yake, hasa kwa wazee ambao walilelewa wakijua kwamba Kithasamba, mwenye milima, ana makao yake katika weupe ule. Mjukuu huuliza atahamia wapi, na hajajibiwa. Hata hivyo watafiti wamepima mito na kuona kwamba maji ya barafu ni sehemu ndogo sana ya maji yake. Kinachojaza mito ni mvua kubwa juu ya miteremko mikali, hasa pale ambapo mimea imeondoka; walioichunguza gharika ya 2013 walitaja pia moto ulioziunguza sehemu za juu za bonde la Nyamwamba mwaka 2012. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa sababu mtu anayedhani kwamba adui ni theluji huketi akingoja iishe. Anayejua kwamba ni mvua na mteremko hushika jembe na miche ya miti.

Methali ya pili ni ile ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Huifundisha vizuri tabia ya kushughulikia jambo mapema, na ukuta wa nyumba ndio uliokusudiwa. Lakini kwetu ufa ulio mbaya zaidi hauko ukutani. Huonekana juu ya nyumba, katika ardhi ya mteremko, umekaa kama mwezi mwandamo, na mwanzoni upana wake ni wa kidole tu. Kila Agosti, kabla ya mvua, watu wa nyumba hupanda kwenye mteremko wakitafuta ufa wa namna hiyo, na hutazama pia miti iliyoanza kuinama na milango ambayo ghafla haifungiki. Ukiujaza udongo ufa huo kwa juu na kurudi kulala, umeuondoa machoni tu. Mlima haujui kwamba umezibwa. Tarehe 7 Septemba 2022, mvua ile tuiitayo vuli ikiwa changa, mteremko ulianguka katika kijiji cha Kasika, eneo la Rukoki, na kuua watu zaidi ya 10, wengi wao wanawake na watoto. Tangu hapo hatuwezi kumwambia mwanafunzi kwamba vuli ni mvua ndogo pasipo kuongeza neno.

Kwa hiyo kati ya kazi za kabla ya mvua imezaliwa nyingine ambayo bibi zetu hawakuwa nayo. Karatasi za ardhi, kadi za chanjo za watoto, vyeti vya shule na fedha kidogo hutiwa katika mfuko wa nailoni, na mfuko hutundikwa karibu na mlango. Familia zilizo chini ya mteremko wenye shaka hupatana mapema na jamaa walio mahali tambarare, ili usiku wa mvua kubwa wakalale huko. Ni rahisi kulisema. Mzee aliyezaliwa katika nyumba hiyo, ambaye makaburi ya wazazi wake yapo nyuma ya mgomba, huona haya kubeba mkeka wake kila Oktoba kama mkimbizi, na wakwe wanaopokea watu 9 katika vyumba 2 nao wana uchovu wao hata kama hawausemi. Vijana husema wote wahame moja kwa moja. Wazee huuliza: twende wapi, na kwa ardhi ya nani? Katika nyumba nyingi tunazozijua mjadala huu hufunguliwa kila mwaka wakati wa kuzoa mitaro na haumaliziki, na sisi hatuna jibu lake. Twaona tu kwamba mahali ambapo jirani wa juu na jirani wa chini bado hutembea pamoja na fimbo ile, watu huhama usiku bila kuaibishana.

Mwishoni mwa Agosti upepo hubadilika, harufu ya vumbi lililolowa huja kutoka upande wa mlima, na watoto huanza kuchagua vichuguu watakavyovikalia ili wawakamate kumbikumbi baada ya mvua ya kwanza. Ardhi ikilowa kiasi cha kiganja, mama hukishusha kibuyu kutoka juu ya uchaga, akakizibua, akapuliza majivu. Tunapanda siku mbili au tatu, wakubwa wakipiga mashimo na wadogo wakiangusha punje tatu tatu na kufukia kwa mguu. Kibuyu kinapokuwa chepesi mama hukipindua, hukipiga kitako kwa kiganja, na punje zinazobaki huzitia katika shimo la mwisho zote pamoja.